Kutoka wodini kwenda kazi ya ofisini: anzia kwenye makaratasi unayoyajaza tayari

Nimekuwa nesi miaka 8, sita kati ya hiyo nimekaa wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya wilaya, halafu nikahamia kazi za takwimu na ufuatiliaji wa miradi ya afya ambako niko mpaka leo. Karibu kila wiki kuna nesi au tabibu ananitumia meseji, dada we ulitokaje huko, na mi nataka kutoka, nianzie wapi, nikasome masta? Majibu yangu huwa marefu kuliko meseji kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote sehemu moja. Naongelea Tanzania maana ndo ninapopajua.

Jibu fupi ni hili: usianze na masta, wala usianze na kutuma CV. Anza na yale makaratasi unayoyajaza tayari wodini, yale ambayo kila mtu anayakimbia ikifika mwisho wa mwezi. Mlango wa kutokea uko hapo na wengi wanaupita kila siku wamebeba trei ya dawa hawauoni.

Kwanza ujue umechoka na nini

Kaa chini uandike, usiwaze tu kichwani. Kuna aliyechoka naiti, kuna aliyechoka na inchaji wake (msimamizi wa wodi), kuna aliyechoka mshahara, kuna aliyechoka kuona watu wanakufa kwa kukosa kitu kidogo, na haya yote hayatibiwi na dawa moja. Kama shida ni naiti, kuna kliniki ya mama na mtoto, kuna CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), kuna kliniki ya macho, huko kazi kubwa ni ya mchana na bado unabaki nesi. Kama shida ni hospitali yenyewe basi hama hospitali, usiache taaluma kwa sababu ya mtu mmoja.

Mi yangu ilikuwa nyingine. Kuna usiku tulikuwa wawili wodi nzima, mama akaanza kutokwa damu baada ya kujifungua, damu ya kumuongezea ikachelewa, alfajiri tukampoteza. Zamu iliyofuata nikarudi kazini kama kawaida na hakuna aliyeniuliza chochote, mpaka miezi imepita nikaanza kuona nikisikia tu vishindo vya mtu anakimbia koridoni mikono inatetemeka. Nilidhani nikienda ofisini litaisha. Halikuisha, lilinifuata hadi nilipokaa na mtu wa ushauri nasaha nikaongea yote. Kwa hiyo ndugu yangu kama na wewe una kitu cha namna hiyo kifuani kishughulikie chenyewe kama chenyewe, kubadili kazi peke yake hakutakitoa.

Makaratasi yako ni yapi?

Ukishajua kweli unataka kutoka, angalia wiki yako ya kazi. Ukitoa muda wa kumgusa mgonjwa, unafanya nini kingine? Unajaza vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za takwimu za huduma za afya. Unajaza fomu za bima. Unahesabu dawa na vifaa vya wodi na kuagiza stoo. Unaelekeza wanafunzi waliokuja fildi. Mfumo wa kompyuta ukigoma unaitwa wewe. Kila kimoja hapo ni kazi kamili ambayo kuna mtu mahali analipwa kuifanya toka saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, na wengi wao hawajawahi kukaa wodini, ndo maana wanakuhitaji. Chagua kimoja unachokifanya vizuri, yaani kile ambacho hata wenzako wanakuachia.

Mi kilikuwa MTUHA. Ngoja nikuonyeshe ninachomaanisha. Mwezi mmoja tunafunga ripoti, kitabu cha 12 cha wodi ya wazazi kina akina mama 62, fomu ya majumuisho inasema 57. Mwenzangu akasema andika 62 tupeleke, wilayani wanasubiri. Nikakaa na kitabu sakafuni nikapita mstari kwa mstari na rula. Nikakuta akina mama watatu walikwenda kufanyiwa upasuaji, mkunga aliyewapeleka hakurudi kujaza njia ya kujifungua, kwa hiyo aliyejumlisha alipokuta nafasi iko wazi akawaruka. Wawili waliobaki waliandikishwa usiku wa tarehe 31 ila walijifungua saa 7 na saa 9 za usiku, yaani tarehe 1, hao ni wa mwezi unaofuata. Jibu sahihi lilikuwa 60, siyo 57 wala 62. Ilinichukua kama saa moja na nusu. Miaka mitatu baadaye kwenye intavyuu wakaniuliza unaelewa nini kuhusu ubora wa takwimu, nikawaeleza hiyo 60, na niliona yule mama aliyekuwa katikati ya meza anaacha kuandika ananisikiliza. Wenzangu kwenye ile foleni walikuwa na digrii za takwimu lakini hawakujua kwa nini nafasi ile inabaki wazi.

Kwa hiyo kama njia yako ni takwimu, fanya hivi. Nenda kwa inchaji mwombe akupe ripoti ya mwezi iwe mikononi mwako, hatakataa, hakuna anayeitaka. Ifanye miezi mitatu mfululizo bila kuchelewesha. Halafu mtafute mratibu wa MTUHA wa wilaya, mwambie unataka kuona takwimu zenu zikifika kwake zinaingiaje kwenye DHIS2 (mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya), wengi wanafurahi kupata mtu anayejali. DHIS2 yenyewe inatengenezwa na kituo cha HISP cha Chuo Kikuu cha Oslo, wana kozi ya misingi ya bure mtandaoni na cheti unapata, na wana mfumo wa mazoezi wenye takwimu za mfano za Sierra Leone ambao unaruhusiwa kuuchezea uwezavyo, hauharibu kitu cha mtu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wana maabara yao ya DHIS2, kwa hiyo utaalamu upo hapahapa nyumbani.

Pamoja na hiyo jifunze Excel mpaka ikae mkononi. Siyo kuijua kwa kuitaja kwenye CV, namaanisha mtu akikupa mistari 2,000 yenye tarehe zilizoandikwa namna nne tofauti na majina ya vituo yamerudiwa, uweze kuisafisha, kutengeneza pivoti (jedwali la muhtasari), kutumia VLOOKUP (ya kutafuta taarifa kwenye jedwali) na kuchora chati moja inayoeleweka. Intavyuu nyingi za M&E (ufuatiliaji na tathmini ya miradi) zina mtihani wa namna hii na hapo ndo watu wanapoangukia. Jifunze pia KoboToolbox, programu ya kukusanyia taarifa kwa dodoso, tengeneza dodoso dogo la simu, liwe la maswali 15 tu. Usijifunze ukitoka naiti, kichwa hakishiki, nilijaribu nikapoteza miezi miwili. Tenga siku mbili za mapumziko kwa wiki, saa mbili mbili, inatosha.

Tafadhali sana kitu kimoja: usipige picha rejesta ya wagonjwa uende nayo nyumbani kufanyia mazoezi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti, na hata pasingekuwa na sheria yule mama alikueleza hali yake akiwa uchungu, hakukueleza ili jina lake likae kwenye laptopu yako. Tunga takwimu zako mwenyewe za mfano, kazi ya kuonyesha itapatikana vilevile.

Fomu za bima

Njia ya pili ambayo naiona inapanuka ni madai ya bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi 2001 na tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 hospitali zinajua kabisa kwamba bila madai safi hakuna hela. Wewe unayeijua fomu ya madai ya 2A na B nadhani umeshaona inavyorudi. Imeandikwa malaria, dawa ya mseto imetoka, kipimo hakijaandikwa popote: inakatwa. Msimbo wa ugonjwa hauendani na dawa: inakatwa. Daktari kasaini, mgonjwa hajasaini: inakatwa. Kila inayokatwa ni hela ya gozi na glovu za mwezi ujao. Mtu asiye wa afya anaweza kuhesabu fomu lakini hawezi kuangalia akasema hapa mgonjwa kapewa dawa ya presha ila ugonjwa ulioandikwa ni vidonda vya tumbo, rudisheni kwa daktari. Wewe unaona hiyo kwa sekunde tano.

Urahisi wa njia hii ni kwamba huhitaji kuacha kazi ili uianze. Omba kuhamia ofisi ya madai ya hospitali yako hiyohiyo, hata kwa siku mbili kwa wiki, na weka rekodi yako: mwezi huu zimekatwa ngapi, kwa sababu zipi, mwezi unaofuata zimepungua kwa kiasi gani. Jifunze ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa) vizuri. Ukikaa mwaka mmoja hapo na namba zako, unaweza kubisha hodi kwenye kampuni binafsi za bima ambako manesi na matabibu wanaajiriwa kukagua madai, na mwenye cheti cha kliniki anaanza mbele.

Nyingine nitazipitia harakaharaka. Ukipenda utafiti, njia ya kati ni kuwa nesi wa utafiti halafu ukapanda kuwa mratibu au mtu wa takwimu za utafiti; kuna NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), kuna Taasisi ya Afya Ifakara, na kumbuka Korogwe na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofanyiwa majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kwa hiyo kazi hizi siyo za kusikia tu. Cheti cha GCP (kanuni za kufanya utafiti wa tiba kwa usahihi) utaulizwa, kipo cha bure mtandaoni kupitia Global Health Training Centre, kichukue hata wiki hii. Ukipenda kufundisha, CEDHA Arusha wanaandaa walimu wa vyuo vya afya. Upande wa dawa na vifaa kuna Bohari ya Dawa, kuna TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na kuna kazi ya kuuza dawa au mashine kwenye kampuni, ambayo inalipa ila kuna malengo ya mauzo kila mwezi na kusafiri sana, kama una mtoto mchanga fikiria mara mbili. Mifumo ya hospitali kama GoT-HoMIS nayo inahitaji watu wa kufundisha wenzao wodini, na mtu wa IT asiyejua mgonjwa anapita wapi toka mapokezi mpaka duka la dawa huwa anapata shida sana.

CV

CV za manesi nyingi ninazotumiwa zinafanana, zinasema nilihudumia wagonjwa, nilitoa dawa, nilifanya kazi kwa ushirikiano. Zote ni kweli na hakuna inayomsaidia anayesoma. Chukua mstari huu: "Nilifanya kazi wodi ya wazazi na kuandika ripoti." Uubadilishe hivi: "Niliandaa ripoti ya MTUHA ya wodi ya wazazi yenye vitanda 34 kila mwezi kwa miaka 2, nilihakiki kitabu cha 12 dhidi ya fomu ya majumuisho kabla ya kutuma, na nilifundisha wakunga 9 kujaza sehemu zilizokuwa zinaachwa wazi." Umeona? Kazi ni ileile, ila sasa aliyeko ofisini anajua utamfaa wapi. Weka namba, na ziwe za kweli maana utaulizwa. Kurasa mbili zinatosha, mambo ya urefu na dini na jina la kijiji toa. Kwa wadhamini usiweke matroni peke yake, weka na yule mratibu wa wilaya uliyemtafuta.

Nafasi za serikali ziko Ajira Portal, za mashirika ziko kwenye kurasa zao wenyewe. Yeyote anayekuomba hela ya fomu au ya kukuunganisha na kazi, achana naye hapohapo.

Hela na karatasi za kuondokea

Hapa watu wanaumia kwa hiyo soma taratibu. Ukilinganisha mshahara linganisha kinachofika mkononi. Wodini unapata posho ya kuitwa kazini au saa za ziada, huko uendako hizo hazipo. Kama ulisoma kwa mkopo Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mshahara ukipanda makato nayo yanapanda, mwambie mwajiri mpya mapema ili usije kulimbikiza deni. Ukitoka serikalini kwenda binafsi unatoka mfuko wa pensheni wa PSSSF unaingia wa NSSF, fika ofisini kwao uulize michango yako ya nyuma inakuwaje kabla hujaandika barua, siyo baada.

Halafu kuna suala la mikataba ya miradi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na ndani ya wiki chache watu waliokuwa na mishahara mizuri kwenye miradi ya VVU walikuwa nyumbani, nawafahamu wengi, wengine walikuwa wameacha ajira ya kudumu serikalini miezi michache tu nyuma. Sisemi usiende kwenye miradi, mi mwenyewe niko huko. Nasema uliza hela ya mradi inatoka kwa nani na inaisha lini, uliza kiinua mgongo, na kabla hujaondoka uwe na akiba ya kula na kodi ya nyumba ya miezi sita. Kama huna, subiri.

Walioko serikalini jamani usiache tu kwenda kazini kwa sababu umepata sehemu, hiyo inahesabika utoro na itakufuata ukija kuomba tena. Kuna kuomba kubadilishwa kada ukiwa umesoma kitu kingine, kuna likizo bila malipo, kuna kuacha kazi kwa barua, zungumza na afisa utumishi ujue ipi inakufaa. Kwa sekta binafsi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ila angalia mkataba wako unaweza kuwa unataka zaidi. Omba cheti cha utumishi kabla hujaondoka.

Na leseni usiiache ife. Endelea kulipa ada ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, endelea kukusanya pointi za mafunzo endelevu. Kuna tangazo la kazi ya ofisini linakuja limeandikwa "awe na leseni hai" unabaki unaangalia tu, na mkataba ukiisha ghafla leseni ndo itakayokulisha.

Nyumbani

Mama yangu nilipomwambia alikaa kimya, akasema mwanangu, nilikuwa najivunia nikisikia watu wanakuita sista. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Wapo watakaokwambia umeusaliti wito. Mi nilimweleza mama kile kisa cha akina mama 60, nikamwambia dawa ya kuzuia damu inaagizwa kwa kuangalia hizo namba, ikiandikwa pungufu na dawa inakuja pungufu, na usiku ule wa yule mama naujua ulivyokuwa. Akanielewa. Majirani mpaka leo wananigongea mtoto akipata homa na nawafungulia, nawaangalia, nawaelekeza kituoni.

Ukishaanza kazi mpya

Miezi mitatu ya kwanza utajiona hujui kitu. Wanaongea kwa vifupisho, vikao havina mwisho, na utakuta mchana umekaa kwenye kiti mwili unadai kusimama. Andika kila kifupisho kwenye daftari, jioni kitafute. Muulize mwenzako akuonyeshe ripoti iliyokubaliwa na wafadhili mwaka jana, uisome yote, itakufundisha zaidi ya semina.

Halafu itafika siku utapangiwa usimamizi shirikishi, utapanda gari na watu wa ofisini mpaka zahanati moja huko ndani, mtamkuta nesi yuko peke yake, benchi limejaa wajawazito, na rejesta ina nafasi wazi kibao. Wenzako watataka kuanza na orodha ya maswali. We waombe wasubiri. Vua begi, nawa mikono, muulize dada nikusaidie kupima presha wangapi, na benchi likipungua ndo mfungue kile kitabu pamoja, wewe ushike rula yeye asome majina.